Senene kwenye Sahani Kubwa

Baba Mujuni,

Wewe mzee una nini? Tangu masika hujanijia hata ndotoni. Umelala hapo kibanjani, chini ya migomba, nyuma ya nyumba yako mwenyewe, na kuja huji! Haya, sikiliza. Mimi nasema, mjukuu wako Kokushubila, aliyekuja likizo, anaandika. Ndiyo, yule uliyekuwa ukimwita mpishi wa vidoli.

Sasa anapika hotelini, Bukoba mjini, pale Miembeni. Mwanao Mujuni alichoka kuchekwa huku Buganguzi: "Nimesomesha binti aje achore mchuzi kwenye sahani?" Akaapa twende tukale, tukitoka na njaa, Kokushubila anaacha kazi, anarudi nyumbani. Nikaenda. Na kikapuni nikabeba ebitoke vyangu, ndizi za kupika, vya moto, vimefungwa kwenye majani, maana maringo hayashibishi.

Sahani ikaja, pana kama ungo. Katikati, kifurushi kidogo cha jani la mgomba. Mujuni akaninong'oneza, "Mama, toa kikapu."

Nikafungua jani kwanza. Waitu, Baba Mujuni! Senene. Wamenyonyolewa mbawa na miguu, mmoja mmoja, wamekaangwa wakang'aa, wamelala vichwa upande mmoja. Na jani limepitishwa motoni, limekunjwa mkunjo wangu mimi, ule niliokukunjia mwaka uliponioa. Ulifungua, ukasema, "Nile au nitazame?" Kesho yake ukaniletea kanga. Nani alisema yale ni maringo? Ulisema ni mapenzi.

Miaka yote nimeokota, nimenyonyoa, nimekaanga. Wewe unakula, mimi nakutazama, eti mwanamke hali senene. Safari hii nimekunjiwa mimi. Nikala! Mbele ya watu, mbele ya mwanao, na mbingu iko palepale. Watamu, mzee. Mlitunyima!

Visahani vikafuatana, kimoja baada ya kingine, mpaka Mujuni akalegeza mkanda. Kikapu changu kilirudi na fundo lake. Na habari za kumrudisha binti hazitajwi tena. Sasa Mujuni ndiye anayewatambia majirani.

Tulipotoka tu nikapita sokoni, nikamnunulia Kokushubila kanga. Anayekunjiwa senene hutoa kanga, au mila ni ya wanaume peke yao? Analia hapa, ananilowanishia karatasi. Andika, wewe!

Lala salama, mzee wangu. Migomba ya kichwani pako nitaipalilia mpaka nami niletwe hapo ubavuni. Na ukija ndotoni, njoo msimu wa senene. Nawa mikono. Fungua jani polepole, tazama kwanza, ndipo ule. Ila usimalize.

Unibakizie.