Fundi Penseli, Mwaka Mmoja Tangu Uweke Randa Chini

Baba, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya Jumatano ulipoweka randa chini kwenye meza ya karakana, ukamwambia mwenzako unapumzika kidogo, kisha hukunyanyuka tena. Daktari alisema ni moyo. Ulikuwa na miaka sitini na saba.

Wengi walikuita Fundi Penseli, kwa ile penseli iliyokaa nyuma ya sikio lako hata siku za harusi. Walizijua kabati zako na milango yako isiyokwaruza sakafu. Walijua pia kwamba hukuwa mwepesi wa kusifu, na kwamba ukimkuta mtu amekaa saa za kazi, utamtafutia msasa na kipande cha ubao.

Lakini tunawaandikia pia wale waliokujua miaka minane ya mwisho, wale wa chama cha wagonjwa. Baadhi yao hawakuwahi kukuona. Walikujua kwa sauti kwenye simu, mzee mpole asiye na haraka. Wewe mwenyewe ulitaka wajue kwamba hukuanza hivyo.

Kitinda mimba wako alikuwa muuguzi. Alipata homa ya wiki mbili. Homa ikaisha, nguvu hazikurudi. Kufua nguo mbili kulimlaza siku tatu. Mwanga ulimuumiza, na maneno yalimpotea katikati ya sentensi. Vipimo vyote vilitoka safi, nawe ukaamua kwamba mtoto amedeka, na aliyemdekeza ni Mama. Karibu mwaka mzima hukupita mlangoni pake bila kukohoa kile kikohozi chako cha kuamsha watu.

Halafu ukaja na dawa yako: mazoezi. Ulimtoa kitandani, mkatembea hadi karakana, mkarudi. Njiani alicheka, na mchana ule ulitutangazia kwamba ugonjwa umekwisha. Kesho yake hakuweza kushika kikombe. Ulikaa naye siku tisa, ukimnywesha maji kwa kijiko. Siku ya tisa ulitoka chumbani, ukasimama jikoni mbele ya Mama.

"Mwanangu haigizi," ulisema. "Mimi ndiye niliyemvunja."

Mama alikumiminia chai, ukainywa wima.

Hukuwa mtu wa kuomba msamaha kwa maneno mengi. Ulimtengenezea kiegemeo cha kitandani, cha kupandisha na kushusha, na kiti cha kuogea kilichopigwa msasa mpaka kikawa laini kama sabuni. Ukafuatana naye kwa madaktari. Wa kwanza alimwambia aolewe. Wa pili na wa tatu walimpa vitamini. Wa nne ndiye aliyeutaja ugonjwa kwa jina, uchovu sugu, na akasema kweli kwamba tiba bado haijapatikana, ila mtu anaweza kujifunza kutozidisha kipimo chake.

Kutoka kitandani, kwa simu, binti yako alitafuta wenzake. Wakapatikana kumi na mmoja. Wao walikuwa na akili na hawana miguu, kama ulivyopenda kuwatania, na wewe ulikuwa na miguu tu. Hivyo ndivyo chama kilivyoanza.

Kazi yako haikuwa viegemeo, ingawa ulivibeba begani kama kisingizio cha kuingia ndani ya nyumba za watu. Kazi yako ilikuwa kukaa sebuleni na jamaa wa mgonjwa na kuwasimulia zile siku tisa, bila kujipunguzia kosa. Dereva mmoja wa lori, ambaye mkewe alikuwa amelala miezi sita, alikwambia ukatafute wavivu wengine. Ulirudi mara nne. Mara ya nne alikuuliza ulijuaje kwamba binti yako ni mgonjwa kweli.

"Nilijua nikiwa nimeshachelewa," ulimjibu. "Wewe bado."

Mkewe sasa hupokea simu za chama Jumatatu na Alhamisi, akiwa amelala chali, na dereva ndiye anayepita kwenye zile nyumba ulizokuwa ukipita wewe. Anaongea sana kuliko wewe, lakini wanamsikiliza.

Siku ya maziko yako, kitinda mimba wako alifika mlango wa chumba chake tu, akaishiwa nguvu. Tulimrudisha kitandani. Makaburini watu walianza kunong'ona, binti gani huyu asiyemzika baba yake. Shangazi, dada yako, aliuliza kwa sauti. Mama alimgeukia.

"Angekuwapo baba yake," alisema, "angekuwa wa kwanza kumwambia mwanawe alale."

Minong'ono iliishia hapo.

Habari za chama ni hizi. Kimesajiliwa. Wanachama ni thelathini na wanane. Ofisi hakuna bado. Mikutano ni ya simu, dakika ishirini, na aliyechoka anakata bila kuaga, wala hakuna anayenuna. Mwenzako wa karakana anatengeneza viegemeo kwa vipimo vyako. Wawili wamepata nafuu na wanafanya kazi nusu siku. Mmoja hali yake imezidi kuwa mbaya. Hatukufichi.

Mwezi uliopita binti yako alisema anataka kuja kwako. Alipumzika wiki mbili kwanza, simu imezimwa. Kaka yake alilaza kiti cha gari, akaendesha polepole. Tulimtandikia godoro kando ya kaburi, akalala na miwani yake myeusi. "Baba, nimekuja," alisema. "Sikai sana." Tukasogea pembeni tukamwachia nafasi.

Dakika kumi zile zilimlaza siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu tulimuuliza kama anajuta. Alisema mwakani atakwenda tena.

Unakumbukwa na Mama, mke uliyeishi naye miaka arobaini na miwili, mwanao wa kwanza ambaye ni mpaka rangi, wa pili ambaye ni mwalimu, kitinda mimba wako, wajukuu watano, shangazi yetu, ambaye sasa humpelekea mgonjwa uji kila Jumamosi, mwenzako wa karakana, na wanachama wote, ambao wengi wao watalisoma tangazo hili kidogo kidogo, kwa siku mbili au tatu.

Hatutakusahau, Baba, maisha yetu yote.