Mtungi wa Skuli ya Jibondo

Dada Mwanaisha,

Shikamoo. Marahaba naiitikia mwenyewe, maana tangu tukuzike hapa Jibondo sina wa kuniitikia huku amenuna.

Skuli yako haijafungwa, ila imepwaya. Watoto kumi na wawili walibaki watatu, na mwalimu wao ni mie, niliyeishia darasa la pili. Cheka. Vile vibao ulivyobandika herufi za mchanga, asubuhi nawakuta kuku wanavidonoa. Angalau kuku wanasoma.

Unakumbuka uliporudi kutoka Unguja na Montesori yako, ile ya watoto kujifunza kwa mikono yao, uliyofunzwa na yule bibi wa Kihindi? Kina mama walikusuta: "Skuli gani hii, watoto kutwa kumimina maji kikombe hadi kikombe? Na maji yenyewe yanakuja kwa mashua!" Ukawajibu, "Mkono ukitulia, kalamu nayo itatulia." Nami nikajigamba: maji ya skuli niachieni mie, ntayaleta pamoja na madebe yangu ya maji ya kuuza, kutoka Utende ng'ambo.

Dada, siku ile ya balaa niliyauza. Mafundi wa majahazi walikuwa na kiu, nami nikiona mteja sijizuii. Mtungi wako nikaujaza pwani. Nikacheka peke yangu: si wanamimina tu, nani atajua ni ya chumvi?

Mosi akajua. Ana miaka minne, kashikwa na kiu, akagugumia. Akatapika mpaka macho yakaingia ndani. Mamake akaja anafoka, "Umemnywesha mwanangu bahari!" Ukachovya kidole mtungini, ukaonja, ukanitazama. Nikangoja unitaje.

"Kosa langu mie," ukasema. "Sikuonja kwanza."

Basi. Watu wakachukua watoto wao. Hukunitaja, mpaka homa ikakuchukua. Na mie... mie nilikaa kimya, dada. Mie, msemaji wa kisiwa kizima.

Kwenye arobaini yako nikasimama nikasema yote. Wakadhani natania, maana lini nilisema kweli? Mamake Mosi hakucheka.

Jana kamleta mwanawe. "Onja kwanza, tukuone." Nikanywa kikombe kizima mbele yake. Mosi akashika birika kwa mikono miwili, akamimina taratibu, ulimi nje. Halikudondoka hata tone. Akageuka kukutafuta akuonyeshe.

Nikamjazia birika tena.

Lala, dada, Mungu akulaze pema. Kila asubuhi, kabla mtoto hajagusa mtungi, ntaonja mie kwanza. Hili silitanii.

Nduguyo,
Makame