Jiko Juu ya Barafu

Perley, Vermont
Jumapili, Aprili 14

Kwa mdogo wangu mpendwa Normand,

Salamu nyingi zikufikie huko Arizona, kwenye jua lenu lisilokwisha. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo wako umepata nafuu tangu tulipozungumza. Mkeo Darlene hajambo? Mwambie soksi alizonitumia nimezivaa majira yote ya baridi, na sasa zimetoboka kisiginoni kwa kupendwa. Mimi ni mzima wa mwili. Magoti yananisumbua nikishuka ngazi za ghala, lakini ng'ombe hawana habari na magoti ya mtu, wao wanataka kukamuliwa tu. Kwa hiyo naamka.

Nimekupigia simu mara nyingi na hukupokea. Sikulaumu. Ukiona jina langu unajua nitalia, nawe tangu utoto hukuweza kuvumilia kilio changu. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Isitoshe, ninalo jambo ambalo mdomo wangu umekataa kulisema kwenye simu.

Habari kubwa hapa mjini ni jiko. Bado limesimama. Unakumbuka baba alivyokuwa akilikokota kila Januari, lile jiko letu bovu la chuma, mpaka katikati ya ziwa, akalifunga kamba inayofika kwenye saa ya kibanda cha mashua? Watu wananunua tiketi na kubahatisha siku na saa ambayo barafu itaachia, jiko lizame, kamba iisimamishe saa. Tangu baba afariki, kazi hiyo ni yangu. Mwaka huu fedha za tiketi tumeziahidi kwa Wakfu wa Ardhi, ule unaonunua mashamba yasijengwe, kwa ajili ya shamba letu, na watu wamenunua kuliko miaka yote. Hata Emery Cutting, jirani yetu, alinunua. Huyo ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa mji mwezi wa Machi akasema wakfu ni kikundi cha walimu wastaafu wanaopenda ndege kuliko watu. Sasa kila asubuhi anapita na trekta lake mbele ya ghala langu, anapiga honi na kupaza sauti: "We Arlene! Hilo jiko la baba yako limeota mizizi nini? Mimi nilibahatisha tarehe mosi, unanitia hasara!" Nami nampungia mkono na kucheka.

Kwao ni mchezo. Kwangu ni roho yangu. Ulipopiga simu mwezi wa Februari kuniambia umepata mnunuzi, ile kampuni ya nyumba za likizo, na kwamba unaitaka nusu yako ya shamba igeuke fedha sasa hivi, nilikusihi mpaka ukachoka. Ukacheka ukasema, "Haya dada, basi, usinililie. Nakupa mpaka jiko lizame. Likizama, nasaini." Labda ulisema kwa utani, ili uikate simu kwa amani. Mimi niliichukua kama kiapo. Najua kwamba mtu aliyeanguka kazini kutoka juu ya paa kama wewe, na mwajiri wake akafunga biashara, hawezi kula mandhari. Sikuoni mbaya. Lakini wakiinunua nusu yako, nusu yangu haitabaki shamba, itakuwa ua wa nyuma wa nyumba za watu wanaokuja kuteleza kwenye theluji wiki mbili kwa mwaka.

Bi. Prudence Wheelock, mwalimu wetu aliyetufundisha kusoma sote wawili, ndiye mwenyekiti wa wakfu siku hizi. Amesema wakfu uko tayari kuinunua nusu yako kwa bei ile ile ya kampuni, mradi watu wachange. Kisha shamba zima litafungwa kisheria: hakuna atakayejenga, uwanja wa majani ya ng'ombe utabaki wa majani, msitu wa miti ya sukari utabaki, na bwawa la ndege korongo litabaki la korongo. Mimi nitalima mpaka nishindwe, halafu wakfu umpe mkulima kijana. Huyo bibi na umri wake ametembea nyumba kwa nyumba kwenye tope la majira haya, viatu vikinasa, akiomba kwa niaba yetu. Watu wametoa. Mwenye duka la vyuma ametoa, kanisa limetoa, wawindaji wametoa. Tumeshavuka nusu ya fedha, lakini bado hatujafika.

Tungefika, Normand, kama si mimi. Mwishoni mwa Machi tuliandaa karamu kwenye kibanda chetu cha kuchemshia utomvu wa miti ya sukari uwe asali, ile ya kumimina asali ya miti ikiwa moto juu ya theluji safi, na donati, na achari ya matango ya kukata utamu, kama alivyokuwa akiandaa mama. Prudence aliwaalika mume na mke wenye nyumba kubwa kule mlimani, watu ambao wangeweza kuziba pengo lote kwa mkono mmoja. Gari lao lilinasa kwenye tope la njia yetu, Emery akalivuta kwa trekta huku akiwaambia, "Karibuni Perley! Huku tope ndilo linalokagua wageni." Walicheka, wakala, wakaongeza. Yule mama akaniuliza habari za korongo, nami nikamtoa nje nikamwonyesha viota juu ya miti mikavu ya bwawani. Alishika mkono wangu kwa furaha. Nikaongea, nikaongea, nikasahau moto.

Mimi, mtoto wa Lucien Thibault, nikasahau moto! Baba alitufundisha kwamba anayechemsha haliachi karai hata nyumba ikiwa inaungua. Tulirudi kwa sababu ya harufu. Utomvu ulikuwa umekauka, karai limeungua na kupinda, moshi mweusi umejaa kibandani, na wageni wanakohoa nje na donati zao mkononi. Wale matajiri waliaga kwa adabu kubwa mno. Hawajapiga simu hadi leo. Msimu wangu wa asali uliishia pale, na karai la baba limelala nyuma ya ghala, sina moyo wa kulitazama.

Baada ya hapo likaja joto la mapema. Mifereji ya paa ikaanza kutiririka, barabara zikawa uji, na watu ufukweni wakaanza kusema jiko halimalizi wiki. Nilikuwa nikikamua huku nahesabu nani hatujamwomba. Nilimwandikia hata binamu yetu wa Quebec ambaye hatujaonana tangu mazishi ya mama. Prudence naye alianza kunitazama kwa huruma, na mimi huruma siiwezi.

Sasa nikuambie kile ambacho mdomo wangu ulikataa. Asubuhi moja kabla ya kukamua nilikwenda ziwani, nikaona barafu kulizunguka jiko imekuwa nyeusi, na maji yamesimama miguuni pake. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba litazama siku ile ile. Nikarudi ghalani. Nikachukua mbao mbili ndefu, zile alizokuwa akipandishia ndama garini baba, na mtaimbo. Nikatambaa kwa tumbo mpaka katikati ya ziwa. Nikalinyanyua jiko upande mmoja kwa mtaimbo, nikasukuma ubao. Nikalinyanyua upande wa pili, nikasukuma mwingine, ili uzito wake utawanyike na barafu ichelewe kuachia. Kisha nikazifukia kwa theluji. Wakati wa kurudi mguu wa kushoto ulitumbukia mpaka pajani. Nililala pale nikilia kwa sauti, sikulilia mguu. Nililia kwa kuwa nilijiona: bibi wa miaka sitini anaiba siku kwa mdogo wake.

Siku iliyofuata baridi ilirudi, na watu wakasema jiko limeokolewa na baridi. Nikanyamaza. Nimekuibia wewe siku ambazo hukunipa. Nimewaibia walionunua tiketi, hata Emery. Na lililo baya zaidi ni hili: wakfu hauna mali yoyote ila kuaminiwa. Watu wanaukabidhi mashamba ya babu zao kwa sababu wanaamini kwamba ukisema kitu umesema. Mimi nimefanya ulaghai chini ya jina lake. Likijulikana siku za usoni, halitakufa shamba letu peke yake, yatakufa na mashamba ya watu ambao hata hawajazaliwa.

Jana nilimwambia Prudence. Nilipomwambia nitarudi barafuni, alisema tu nivae jaketi la kuokolea. Leo baada ya kanisa, mchana kweupe, watu wakiwa ufukweni, nitakwenda kuzitoa zile mbao. Likizama, limezama. Saini, na sitakupinga, na bado utakuwa mdogo wangu. Ila ninakuomba kitu kimoja, nakuomba sana: usiliachie shamba kwa simu. Njoo ulitembee kwanza kwa miguu yako.

Msalimie Darlene na jirani yenu anayewaletea machungwa. Emery anakusalimu, anasema hajasahau kwamba ulimwangushia baiskeli yake mtoni. Mungu akuponye mgongo.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Arlene

Nyongeza, saa kumi jioni.

Nimerudi. Nimelowa mpaka magotini na vidole havijapata joto, usinicheke mwandiko. Nilisema yote mbele ya watu kabla sijakanyaga barafu. Emery alinifunga kamba kiunoni bila neno la utani hata moja, akaishika mwenyewe mpaka niliporudi. Prudence alinivua glavu, lakini hakunitazama usoni. Sijui kama watanisamehe, na sijui wangapi watataka michango yao irudishwe.

Mbao nimezitoa, zote mbili. Jiko halikuzama, Normand. Limesimama juu ya barafu tupu, kama ambavyo pengine lingesimama siku zote hizi bila wizi wangu. Usingoje lizame ndipo uje.