Bastola Ndani ya Sofa la Mama Neema

Alhamisi, jioni, Keko.

Jua la leo lilikuwa la kukaangia mayai juu ya bati, lakini mie tangu asubuhi nasikia baridi.  Naandika ili nitulie.

Wanaonisoma humu wananijua. Nimeishi Durban, nimevuka Msumbiji bila pasipoti, shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu ilikuwa inanichelewesha. Hakuna kinachonitisha. Ndivyo ninavyowaambiaga watu.

Leo nimeogopa sofa.

Ni la Mama Neema wa Mtoni, mteja wangu wa siku nyingi. Mumewe ni askari. Mama wa watu alitaka kumshtukiza mzee kwa kitambaa kipya, basi mzee aliporudi lindoni asubuhi na kulala chumbani kama gogo, yeye akaita kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, vijana wakalibeba sofa kimyakimya, likaja kwangu.

Sie mafundi sofa tuna mchezo wetu. Kabla ya kuvua kitambaa unazamisha mkono kule nyuma ya mito, na utakachokuta ni bahati yako. Nimeshatoa rimoti, hereni, hadi meno ya bandia ya bibi mmoja wa Sinza. Meno niliyarudisha, mie nina roho nzuri.

Leo mkono umegusa chuma.

Nikavuta kidogo, nikaona mpini. Bastola. Nikairudisha ilipokuwa, nikaweka mto juu, nikakaa.

Maana nifanyeje? Niibebe kumpelekea mwenyewe, nikisimamishwa njiani nani ataniamini? Fundi wa Keko mwenye bastola kwenye begi, huyo ni jambazi, kesi imeisha. Niiache? Karakana yangu haina mlango, iko barabarani, kila anayepita anajisikia kukaa ajaribu sponji. Mteja mmoja kweli alitaka kukaa pembeni yangu. Nikamwambia lina kunguni. Karuka huyo!

Mama Zuhura, anayeuza wali hapo jirani, akanipigia kelele: "Weee, leo umekuwa bosi? Unakaa, nyundo ijipige yenyewe?"

Nikacheka. Kicheko kilitoka kama kikohozi.

Nikampigia Mama Neema nikamwambia amuamshe mumewe.

"Muache alale, fundi, amekesha mwenzio."

"Muamshe, mama. Mwambie kuna kitu chake cha kazini nimekikalia."

 Nikasikia malapa yanakimbia.

Alikuja na bodaboda, jitu zima, kavaa bukta, shati kaligeuza ndani nje. Siku zote ananitaniaga, "Mzee wa Durban!" Leo kaniita kaka yangu. Akanieleza kwa kunong'ona. Ilitakiwa airudishe bastola kituoni kwanza, ghala la silaha, ndiyo aende nyumbani. Akaona apitie nyumbani. Akakaa avue buti, chuma kikamfinya kiunoni, akakisukumia nyuma ya mto, akajikokota chumbani kulala, akakisahau.

"Nipe niondoke nayo. Wakijua nimekwisha. Nina watoto, unawajua."

Nawajua. Neema ananiita mjomba na anaucheka mustachi wangu.

Nikasimama, nikampisha. Nilitaka aichukue iishe, wallahi. Akazamisha mkono, akaichomoa. Macho mekundu ya kukesha, na mdomo wa ile bastola ukapita moja kwa moja kwa Mama Zuhura, aliyekuwa kainamia sufuria anapakua. Yeye hakuona. Afande hakuona.

Mie niliona.

Akaichomeka kwenye bukta. Lastiki imelegea, ikaanza kuteleza kuelekea pajani. Ndivyo mtu huyu alitaka kupanda nayo bodaboda.

"Afande, irudishe ndani ya sofa. Piga simu kwa mkubwa wako, waje waichukulie hapahapa."

"Unanichoma kwa wakubwa, kaka?"

"Piga wewe. Usipopiga, napiga mie."

Mkono wake ulibaki kiunoni. Yeye ana bastola, mie nina nyundo ya kupigia pini. Nilikuwa natazama jasho linavyomdondoka kidevuni.

Akairudisha. Tukaikalia wote wawili, bega kwa bega, kama maharusi wanaosubiri picha. Akapiga mwenyewe. Sauti ya lile jitu ilikuwa ndogo, ungedhani ni Neema anaongea.

Wakaja na gari, wakaichukua, wakamchukua na yeye. Hakuniaga. Nilitaka kumwambia ageuze shati, nikashindwa.

Baadaye kidogo Mama Neema akapiga. "Niambie, fundi, ulikuwa unamuita mume wangu au unawaitia wakubwa zake?" Akakata. 

Mama Zuhura kaniletea wali bila kuagizwa. "Kula, unakonda na mawazo yako ya Durban." Nikamtazama anavyorudi kwenye jiko lake, anavuta khanga, anaimba. Sikumwambia. Sijui kama nitamwambia.

Nilifanya sawa. Mbona basi nasikia kama nimeiba?

Sofa liko mbele yangu, uchi, sponji nje. Kesho nalivalisha kile kitambaa cha maua alichokichagua Mama Neema mwenyewe, kwa mshono wangu wa sifa, na malipo sitaki.

Halafu nikilifikisha Mtoni, nani atanifungulia mlango?