Brashi ya Kola na Jino la Binti Yako

Nyumbani, chumba cha nyuma ya duka letu la dobi
Jumatano, tarehe 12 Juni

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi sana. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, bado wanampanga zamu za usiku? Sisi huku tu wazima, ila naandikia juu ya meza ya kupigia pasi. Ukiona mwandiko umepinda usinicheke.

Kaa chini kwanza, ndipo usome. Chiriku wako, binti uliyeniachia nimlee, yupo, anakunywa uji, anacheka kwa macho. Nimetanguliza hilo usije ukazimia bure. Jumatatu jino lake la mbele, la juu, lilitoka zima na mzizi wake.

Alikuwa anakimbia na beseni la mashuka, akateleza kwenye povu nililomwaga mimi, mdomo ukagonga ukingo wa karo la kufulia. Lo! Damu iliyotoka hapo! Nilipiga ukelele mpaka mume wangu akasahau pasi juu ya suruali ya mteja, ikatoboka.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu. Miaka kumi na sita nafua nguo za watu; nikiona kitu kimechafuka, mkono hauniulizi. Nililiokota lile jino, lina mchanga na damu, nikalipaka sabuni, nikalisugua kwa brashi ya kola. Kwa nguvu, Dada, kama nasugua doa! Nilikuwa hata natafuta dawa ya kung'arishia. Akili zangu zilikuwa wapi, sijui hadi leo.

Mtoto akaniona. Alinirukia, akaninyang'anya. Akalishika kwa upande wa kung'atia, mbali na mzizi, akalisuuza kidogo tu kwenye kikombe cha maji safi. Halafu, Mungu wangu, akasimama mbele ya kioo cha wateja, akalirudisha mwenyewe kwenye tundu lake! Mtoto wa miaka kumi na moja! Mimi mdomo wazi, mume wangu kakaa chini palepale juu ya nguo chafu. Akatuonyesha kwa kidole kile kisanduku cha huduma ya kwanza, ambacho sisi tulijua ni cha kuungua pasi tu. Akatoa kipande cha shashi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, akakikunja, akaking'ata, akatutazama kama anayeuliza tunangoja nini.

Kumbe walifundishwa shuleni. Na mimi kila siku namwambia apunguze maneno ya shule, nina nguo za kuhesabu.

Daktari wa meno alisema tumewahi, na kwamba jino la ukubwani ndivyo linavyotakiwa kufanyiwa. La utoto ndilo halirudishwi. Akalifunga na meno ya jirani kwa waya mwembamba. Kisha akauliza, "Nani amesugua huu mzizi?" Kuna ngozi laini pale inayolishikisha jino, nayo imekwanguka. Linaweza kushika, linaweza kukataa. Tutajua baada ya miezi.

Nilinyamaza, Dada. Chiriku akainua kidole, akajionyesha yeye. Nikanyamaza tena.

Tulipofika nyumbani, kwa kuwa mdomo umevimba, aliniandikia nyuma ya risiti ya mteja: "Mama mdogo, usimwambie mama. Atanihamisha."

Nimeona heri nikwambie. Aliyesugua ni mimi. Kesho tunarudi kuangaliwa, na nitamwambia daktari hivyo hivyo mbele ya Chiriku. Ukiamua kumchukua sitabisha, una haki yote. Ila ujue mwanao ameomba abaki kwangu, kwangu mimi niliyemwacha ajitaje.

Nisalimie shemeji, mkweo, na kitinda mimba wako. Mungu akupe moyo mpole unapoisoma barua hii.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata kama leo naona haya.