Anayejibu kwa Jina Lako

Dada,

Jina lako siliandiki. Unajua kwetu aliyekufa hatajwi jina, anaachwa apumzike. Tulipotoka kukuzika huko nyumbani Kajiado, yule binti wa kaka yetu aliyepewa jina lako alitafutiwa lingine siku hiyo hiyo. Alilia wee, hakulitaka. Na Yeyo, mama yetu aliyeitwa kwa jina lako tangu uzaliwe, sasa majirani wanamwita Mama Naserian. Nikisikia wakimwita hivyo kwa jina langu, naangalia kando.

Hayo ni ya nyumbani. Ya intaneti, wacha tu.

Huko bado unacheka. Ni ile picha niliyokupiga nyuma ya nyumba ukinigombeza, "Toa hao mbuzi, wasionekane!" Kisha tukaenda saiba pale Kitengela kulipia intaneti, tukabanana kiti kimoja, ukafungua ukurasa wako, ukaandika ati unaishi Nairobi. Nairobi gani, dada, na tulikuwa tunauza mitumba pamoja kando ya barabara? Nilicheka mpaka mwenye saiba akatuangalia vibaya. Ukaniambia, "Huku ndani mtu anajiandika vile anataka."

Basi sasa anayekuandika ni mume wako. Ako na neno lako la siri. Siku yako ya kuzaliwa ilipofika, watu ambao hawakuleta hata sukari matangani walikujazia salamu: ishi miaka mingi, mrembo. Ati miaka mingi! Wengine hata hawajui ulikufa. Na shemeji, badala ya kuwaambia, aliwajibu kama ni wewe: "Asanteni wapendwa, nawapenda." Halafu akaja nyumbani na simu yake mpya, akamsomea Yeyo zile salamu kwa sauti, jina lako kila mstari. Yeyo aliinuka akaacha chai yake. Tangu hapo halali vizuri. Anauliza ni nani hao wanamwita mtoto wake, na watamwita mpaka lini.

Ningemsamehe shemeji, si mtu wetu, mila hii hakulelewa nayo. Lakini niliketi naye nikamweleza polepole, nikamwomba aufunge huo ukurasa. Akasema nisimletee ushamba, yeye hivyo ndivyo anavyokukumbuka. Kwani mimi nimekusahau?

Juzi uvumilivu ulinishinda. Nilienda saiba nikaandika chini ya salamu zao: "Huyu amekufa. Mama yake anaumia. Tafadhali mwacheni." Jana nilipofungua tena, maneno yangu hayako. Mimi mwenyewe siko. Ati mimi na wewe si marafiki tena, umenitoa. Wewe! Tuliotoka tumbo moja, tukavaa sweta moja kwa zamu. Najua ni yeye aliyebonyeza, lakini jina lilikuwa lako, na nililia pale mbele ya watu, sikujali.

Lala, dada yangu. Nakuahidi Jumamosi naenda kwake Embulbul, na sitoki mlangoni mpaka aufunge. Yeyo amekataa niende peke yangu. Hana matusi ya kumtukana. Anasema atamwomba tu amwachie mtoto wake, amalize kumzika.

Mdogo wako,
Naserian