Laini Ile Niliiwasha Mimi

Jumapili, Machame. Tangu asubuhi ni manyunyu na ukungu, mlima hauonekani kabisa, na mimi nina hasira.

Nimeosha vyombo ili zipungue. Hazikupungua. Basi nimekaa mezani nikafungua ukurasa wangu huu wa mtandaoni, kwa sababu leo nimesikia safari yangu ikisimuliwa mbele yangu, na katika safari hiyo mimi sikuwemo.

Ilikuwa baada ya ibada. Majirani na wazee wawili wa kanisa walikuja kunipa pole ya safari, maana nimerudi Alhamisi kutoka Ujerumani, kwa binti yangu Aika aliyejifungua. Nilipika sufuria kubwa ya machalari, ndizi na nyama, kila mtu akapata. Watu wakila, mwanangu wa kwanza, Eliamani, akasimama akawaeleza jinsi alivyoniongoza kwa simu, hatua kwa hatua, tangu nashuka kwenye ndege hadi naingia hospitalini. Wageni wakampongeza. Mzee mmoja akaniambia nina bahati kuwa na kijana mwenye akili.

Nikanyamaza. Nimefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini, na nilinyamaza sebuleni kwangu.

Sasa nasema.

Eliamani hakutaka niende. Alitaka nisubiri hadi apate likizo anisindikize, eti mwanamke wa umri wangu ambaye hajawahi kuvuka hata mpaka wa Holili kuingia Kenya atapotelea kwenye viwanja vya ndege vya watu. Lakini mimba haisubiri likizo. Aika ni kitinda mimba wangu, huu ni uzazi wake wa kwanza, na huku kwetu mzazi hupikiwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na mama yake. Nikakata tiketi.

Aika ndiye aliyenishauri ninunue intaneti ya kule kabla sijaondoka, kwa eSIM. Ni laini isiyo na kadi: unalipia mtandaoni, unatumiwa mchoro wa miraba midogo myeusi, simu inausoma, laini inaingia. Nikashuka Moshi mjini. Duka la kwanza, muuzaji hakuinua hata uso. "Mama, njoo na mtoto wako," akasema. Nikatoka. Duka la pili nikamkuta Rehema, mwanamke mwenye subira, akanionyesha taratibu, kisha akanirudishia simu nifanye mwenyewe. Kila hatua niliiandika kwenye daftari. Mambo mawili niliyapigia mstari: nikifika, niwashe roaming, yaani ruhusa ya laini kutumia mitandao ya ugenini, kwenye laini mpya tu; na nisiifute laini hiyo, maana ikifutika huenda isirudi.

Asubuhi ya safari Eliamani akaichukua simu yangu aikague. Akaizima laini yangu ya nyumbani, akazima roaming kila mahali, hata kwenye laini mpya, akaniagiza nisiguse chochote kwa sababu roaming itakula pesa zote.

Nilitii. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nilitua saa nne asubuhi ya kule. Aika alikuwa ameahidi kunisubiri kwenye mlango wa kutokea. Hakuwepo. Nilisimama na masanduku yangu nusu saa, halafu saa nzima. Simu ilionyesha kwamba laini mpya imeshika mtandao, lakini hakuna ujumbe ulioingia wala uliotoka. Nikajaribu intaneti ya bure ya pale uwanjani. Ikataka kunitumia namba ya siri kwenye laini ya nyumbani, ile iliyozimwa. Nikaingia kwenye mipangilio ya simu, nikaona palipoandikwa futa eSIM. Nikawaza labda nikiifuta na kuanza upya itakubali. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya maneno yale.

Nakiri, nililia. Sikulia kwa sababu ya simu. Nililia kwa sababu nilianza kuamini kwamba mwanangu alisema kweli.

Kisha nikafuta miwani, nikatoa daftari mkobani, nikasoma hatua zangu moja moja kama ninavyowasomea watoto imla. Daftari lilisema washa. Eliamani alisema usiguse. Nilikaa na hayo mawili kwa muda, pale kwenye benchi, watu wakipita na vitoroli vyao.

Nikawasha.

Ujumbe ukaingia mfululizo, kumi na mmoja, wote wa Aika. Uchungu ulikuwa umemshika alfajiri, wiki mbili kabla ya siku zake. Mumewe alikuwa naye wodini na hakuweza kumwacha. Ujumbe wa mwisho ulikuwa na anwani ya hospitali na maneno matatu: "Mama, naogopa. Njoo."

Ramani ikanionyesha treni ya kupanda. Nilipopotea kwenye ngazi za kituoni, niliandika swali langu kwa Kiswahili, simu ikaligeuza kuwa Kijerumani, na mama mmoja mwenye baiskeli akalisoma, akanisindikiza hadi kwenye behewa. Ndani ya treni nilimpigia Eliamani mara mbili. Hakupatikana. Simlaumu, alikuwa kazini. Ila hakuniongoza.

Nilimkuta Aika amekunja uso kwa maumivu. Akanishika kidole gumba, na hakukiachia hadi mtoto alipolia. Ni wa kike. Paji lake la uso ni langu, kila mtu anasema.

Ndiyo habari yenyewe, yote.

Nilipofika hapa kuandika nimemwita Eliamani, alikuwa nje akiwakatia ng'ombe majani, nikamwambia asome. Amesoma akiwa amesimama. Katikati akavuta kiti. Alipomaliza akaniambia kwa sauti ndogo kwamba aliona aibu, hakutaka watu waseme alimwacha mama yake aende peke yake.

"Hukuniacha," nimemwambia. "Nilikwenda."

Akaomba niondoe sehemu ya wageni. Nimekataa. Nampenda sana mwanangu, na ndiyo maana simfichii kosa. Nimemwambia Jumapili ijayo awaeleze watu wale wale jinsi ilivyokuwa. Asipoweza, nitasimama mimi mwenyewe, na sitaketi hadi nimalize.

Mjukuu wangu anabatizwa kule kwao Ujerumani baada ya mavuno yetu ya kahawa, na mimi nitakuwepo. Eliamani nitamwarifu tarehe.

Sitamwomba ruhusa.